Nani Anamsikiliza Anayetusikiliza?

 

Andiko letu leo ni 1 Wafalme 19:1-16. Lisome kwanza, halafu urudi.

Nataka kusema nawe kuhusu washauri nasaha wetu, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Kuna mama mmoja aliyehudumu kanisani kama mshauri kwa miaka mingi. Amenipa ruhusa niseme haya, na nimebadilisha mambo madogo ili asijulikane. Alhamisi moja baada ya maombi alinifuata ofisini, akasema, "Pasta, kuna msichana nimeshindwa naye. Ameacha kuja." Msichana huyo alikuwa mchuma chai, na alikuwa amemweleza mambo mazito. Nilimaliza naye kwa dakika nne. Nilimpa mistari miwili, nikamwambia ampigie simu yule msichana, nikaomba, nikatazama saa. Miezi mitatu baadaye alirudisha ufunguo wa chumba cha ushauri. Alisema ni shughuli za nyumbani. Nikaamini, kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini.

Mwaka uliofuata ndipo aliponiambia ukweli. Yaliyompata yule msichana yalikuwa yamempata yeye pia akiwa na umri kama ule. Kila kikao alikuwa akisikiliza habari zake mwenyewe. Siku ile ofisini alitaka kuniambia hilo, nami sikumuuliza swali hata moja.

Mpendwa, anayebeba mizigo ya wengine anahitaji pia mtu wa kukaa naye. Katika kazi ya ushauri jambo hili lina jina: usimamizi. Maadili ya kazi hiyo yanamtaka mshauri, hata mwenye uzoefu wa miaka 20, akae na msimamizi mara kwa mara aeleze anavyofanya kazi, bila kutaja majina ya watu anaowashauri. Hapa Kenya tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia tangu mwaka 2014. Hii si kazi ya kubahatisha tena, na kanisa lisiwe mahali pa mwisho kulijua hilo.

Lakini neno lenyewe lina shida hapa kwetu. Ukisema "supavaiza" katika nchi ya chai, watu wanamwona yule anayesimama kwenye mizani kukagua kama umechuma majani mawili na chipukizi, au umejaza kikapu kwa majani magumu. Wengine wanakumbuka machungu zaidi. Februari 2023 BBC ilionyesha filamu kuhusu mashamba ya chai ya Kericho. Zaidi ya wanawake 70 waliwaambia waandishi wake kwamba walidhulumiwa kingono na wakubwa wao wa kazi. Hao si watu wa mbali. Ni dada na mama zetu. Sasa mwite mshauri aliyelelewa katika nyumba za kampuni, umwambie, "Tumekuwekea supavaiza." Atakuletea ripoti safi, na lile linalomnyima usingizi atalificha.

Ndiyo maana aina ya msimamizi ni jambo kubwa. Ipo njia moja ya usimamizi inayomweka mtu katikati. Mizizi yake ni mafundisho ya Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeishi 1902 hadi 1987. Rogers alifundisha kwamba mtu hufunguka na kukua akikutana na mambo matatu: msikilizaji asiyevaa kinyago, anayemkubali bila masharti, na anayejitahidi kuyaona mambo kwa macho yake. Msimamizi wa njia hii humtendea mshauri vilevile. Haanzi na "Ungefanya hivi." Anauliza, "Aliposema hayo, ndani yako kulitokea nini?" Kisha ananyamaza, asubiri. Laiti yule mama angeulizwa hivyo siku ile.

Najua kuna anayesema, "Pasta, ukimweka mtu katikati, Mungu utamweka wapi?" Ni swali zuri. Rogers alikulia katika nyumba ya Kikristo yenye masharti makali, akaanza kusomea huduma ya kanisa kule New York miaka ya 1920, akaacha akaenda kwenye saikolojia. Aliamini wema ulio ndani ya mwanadamu kuliko mimi ninavyoamini. Mimi bado nahubiri dhambi, msalaba na neema, na sitaacha. Lakini kumkubali mtu si kukubali kila alichotenda, na kuhusu kusikiliza, Rogers aliona kitu ambacho wahubiri wengi tumekisahau.

Mtazame Eliya. Amechoka, amekimbia, anaomba afe. Mungu hamkemei kwa kukosa imani. Anamwacha alale, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena. Kisha anamuuliza anafanya nini pale. Eliya anamwaga yote. Baada ya upepo, tetemeko na moto, anaulizwa swali lile lile, naye anarudia jibu lile lile, karibu neno kwa neno. Mungu anamsikiliza mara ya pili bila kumkatiza. Kazi mpya, na habari za Elisha, vinakuja baadaye. Sisi wachungaji tungempa Eliya kazi kabla hajamaliza sentensi ya kwanza.

Mwingine atasema, "Basi tuchague mshauri mzee kuliko wote, asimamie wenzake." Polepole. Tunao wenye uzoefu, namshukuru Mungu. Wengine walianza wakati wa Ukimwi, uliotangazwa janga la kitaifa mwaka 1999, wakakaa na watu wetu wakati hata kugusana mikono kuliogopwa. Wengine waliingia baada ya ghasia za 2007/08. Lakini uzoefu huo huo unaweza kuwa mtego. Umeona mengi, kwa hiyo jibu limeshafika mdomoni kabla mwenzako hajamaliza. Unaanza kumshauri mtu usiyemwona, kupitia mdomo wa mshauri wake. Mshauri anageuka mjumbe tu, na kujiamini kwake kunakwisha.

Hospitali ya Tenwek, hapa kwetu Bomet, hufunza madaktari wa upasuaji. Anayejifunza hukaa miaka kando ya waliomtangulia. Na anayefundisha lazima ajue kuuzuia mkono wake, amwache mwanafunzi afanye huku yeye yupo karibu. Huo ni ujuzi mwingine kabisa, na washauri wetu wanahitaji kufundishwa huo.

Katika mafunzo ya namna hii, washauri wazoefu hufanya mazoezi watatu watatu: mmoja ni mshauri, mmoja ni msimamizi, mmoja anatazama. Wanajifunza kupatana mapema lipi litabaki siri na lipi haliwezi kubaki, kwa mfano mtoto akiwa hatarini. Wanajifunza kutambua kidonda cha mshauri mwenyewe kinapofunguka, wakiheshimu, na kumsaidia apate mshauri wake, ili kikao cha usimamizi kisigeuke kitu kingine. Nao wenyewe wanasimamiwa wakati wanajifunza kusimamia.

Sasa nafika mahali panaponiuma. Msimamizi huyo asiwe mimi. Mimi ndiye ninayepanga zamu, ninayeamua nani ahudumu, ninayesimama madhabahuni. Mshauri atawezaje kuniambia, "Pasta, jana nilimkasirikia mtu aliyekuwa analia mbele yangu"? Ataogopa nitamwondoa. Nimekuwa nikijiita msimamizi wao kwa miaka, kumbe nilikuwa mtu wa mizani.

Kwa hiyo nitaliomba baraza la wazee mambo mawili. Kwanza, tutenge fedha kumpeleka mshauri wetu mmoja mwenye uzoefu kwenye mafunzo haya, na mwaka unaofuata mwingine. Tunanunua spika mpya bila kubishana sana, hata hili tunaliweza. Pili, washauri wetu wapate saa mbili kila mwezi na msimamizi aliyefunzwa, mlango umefungwa, na mimi nisiulize kilichosemwa.

Nawe una sehemu yako. Msimu wa bonasi ukifika, nyumba nyingi zitagombana na chumba cha ushauri kitajaa. Ukimwona mshauri anatoka humo saa mbili usiku, usimsimamishe mlangoni na shida yako pia. Msalimie, umwombee, umwache aende nyumbani akale.

Tuombe. Baba, wakumbuke wanaotusikiliza. Uwape nao masikio yenye subira. Unisamehe mimi kwa dakika zile nne, na unifundishe kuuliza na kungoja. Katika jina la Yesu, Amina.

Yule mama bado hajarudi kwenye huduma, na sijamsukuma. Wiki iliyopita nilimtembelea, nikamuuliza hali yake, nikanyamaza. Alizungumza hadi chai ikapoa.

Ubarikiwe.
Mchungaji wako