Sarafu ya Rangi: Tuulize Nani Aliyeipaka

Wakusanyaji wa sarafu wamegawanyika. Wako washikiliao kwamba rangi huitia sarafu aibu; wengine huiona pambo. Mimi nasema tutazame kwanza mkono ulioipaka. Mwaka 2004 Kanada ilitoa sarafu ya senti 25 yenye ua jekundu la kuwakumbuka askari waliofia vitani. Rangi hiyo ilitiwa na kiwanda cha serikali chenyewe, nayo ni sehemu ya sarafu. Lakini robo dola za majimbo ya Marekani, zilizotolewa kati ya 1999 na 2008, wachuuzi walizipaka baadaye, wakaziuza ghali. Machoni pa wakusanyaji wengi hizo zimeharibiwa. Amrithishaye mwanawe sanduku lake amemrithisha rangi, si mali. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.