Mambo ya Nyumbani: Sukari ya Robo na Mafuta ya Kupima



Akina mama wa Segerea, Kisukuru na Bonyokwa wametuuliza habari hii: imekuwaje mapato ni yale yale, na chakula ni kile kile, lakini mwezi hauishi ila tumekwisha kukopa? Twajibu kwamba iko sababu ambayo hatuwezi kuiondoa kwa mikono yetu. Bei ya petroli na dizeli hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, nayo ikipanda, vitunguu na unga vinavyoletwa kwa lori navyo hupanda. Mwanzo wa mwaka 2024 mvua za El Niño zilizuia kazi ya mashamba ya miwa na viwanda vyake, sukari ikaadimika, hata Serikali ikaweka kikomo cha bei. Mambo hayo yamezidi uwezo wetu.

Lakini sababu ya pili imo nyumbani mwetu, nayo ni kununua kwa kipimo kidogo. Na tufanye hesabu ya mfano. Ikiwa kilo ya sukari ni shilingi 3,000, na robo huuzwa shilingi 850, basi anunuaye robo nne ametoa shilingi 3,400. Shilingi 400 zimekwenda, wala hakupata hata chembe moja zaidi. Hesabu vivyo hivyo mafuta ya kula yanayopimwa kwa chupa, na mkaa wa kopo, na sabuni ya kipande, kisha uhesabu siku 30. Ndipo utakapoona ajabu hii, ya kuwa maskini hula chakula kile kile kwa bei kubwa kuliko tajiri, maana tajiri huchukua gunia. Mwenye duka hatumlaumu. Naye hulipa pango, na hungoja wateja tangu alfajiri. Wala hatumlaumu mama anunuaye robo, kwa kuwa hana ila shilingi elfu moja mkononi, na watoto wanalia njaa. (Wazee wetu wakumbuka miaka ya 1983 na 1984, mtu alipopanga foleni kutwa kwa ajili ya sabuni, ana fedha mfukoni na kitu cha kununua hakipo. Leo maduka yamejaa.)

Hatari kubwa si zile shilingi 400. Hatari ni daftari la dukani, na baada ya daftari, mkopo ule ambao watu wenyewe wameuita kausha damu. Mama hukopa ili alipe deni la unga; hudaiwa kila siku au kila juma, na riba hupita fedha aliyopewa. Siku akishindwa, huja watu wakachukua televisheni na kitanda, watoto wakitazama. Twajua nyumba ambamo mume hakuwa na habari yo yote mpaka siku hiyo, na tangu siku hiyo hawasemezani. Yatupasa kusema wazi: mume na mke wahesabu fedha pamoja, hata kama ni kidogo, na mume asiyetaka kuulizwa mapato yake asishangae akifichwa madeni. Tena yafaa kujua kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yamtaka kila mkopeshaji awe na leseni. Muulizeni kwanza leseni yake iko wapi.

Basi tufanyeje? Maaskofu wa nchi zetu za Afrika ya Mashariki walikazania, mwaka 1976, kwamba Kanisa lijengwe katika jumuiya ndogo ndogo. Jumuiya hizo hukutana nyumba kwa nyumba kila juma, na watu hujuana. Nyumba kumi zikitoa fedha pamoja, zaweza kununua dumu la mafuta la lita 20 na kila nyumba ikapata lita 2. Vivyo hivyo gunia la maharage au la mchele kutoka soko la Ilala au Buguruni. Asiyeweza kutoa yote kwa mara moja aweke kidogo kidogo kwa mweka hazina, na kila senti iandikwe mbele yake.

Hapa twaomba msomaji asome polepole, maana jambo hili limekufa mahali pengi, na mara nyingi limekufa kwa sababu moja: mtu mmoja alichukua fungu lake akiahidi kulipa mwisho wa mwezi, wakaona haya kumkatalia. Asiyetoa fedha kabla asipewe. Kama nyumba imepatwa na msiba au ugonjwa, jumuiya imsaidie kwa sadaka, isiyo deni. Waende sokoni watu wawili, wala si mmoja. Nauli ya bajaji iingizwe katika bei, la sivyo hesabu itadanganya. Mgawanye kwa mizani. Kisado chaweza kubonyezwa kitako. Na lumbesa tusiifurahie hata kidogo. Gunia lililojazwa kupita kiasi limekatazwa kwa sheria ya vipimo, na ile ziada ni jasho la mkulima ambaye hakulipwa. Nyanya msinunue kwa jumla, zitaoza kabla ya kugawanywa.

Neno moja zaidi, ijapokuwa wengine watakasirika. Tumeona mtoto apokeapo Komunyo ya kwanza, wazazi wakikopa kwa ajili ya sare za kitenge, keki na turubai. Sakramenti haidai mambo hayo, na Padre hayadai. Bwana wetu, aliyeshibisha watu elfu tano, aliagiza vipande vilivyosalia vikusanywe, vikajaa vikapu kumi na viwili. Naye ndiye aliyeweza kuiongeza mikate apendavyo.

Mwezi ujao, Mungu akitujalia, tutaandika habari za mkaa na gesi, tukianza na maharage ya kuloweka usiku.