Tusimsingizie Mungu Mafuriko

Wakristo wenzangu wa pwani ya Tanganyika, ninyi wa Swima na jirani zenu mpaka Baraka, kuna neno linalosemwa hata mlangoni mwa kanisa baada ya Misa, nami nasema wazi kwamba si neno la dini. Neno lenyewe ni hili: "Maji ni mapenzi ya Mungu."

Aprili 2020 mito ya Uvira ilishuka na matope na mawe, ikaua watu. Tarehe 4 Mei 2023 vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, vilifunikwa, na wafu wakapita 400. Mwaka 2024 ziwa likaingia majumbani Uvira, Baraka na Kalemie. Tuliwaombea marehemu, na ndivyo ilivyopasa. Lakini kumwombea marehemu huku tunauvua nguo mlima ulio juu ya jirani yake, hiyo ni dini gani?

Mzee atanijibu: "Mwanangu, hata mwaka 1964 ziwa lilipanda hivi." Kweli, baba. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie. Mvua ikizidi, maji hupanda pole pole na kushuka pole pole. Kwa hilo simlaumu mtu. Nasema juu ya milima. Mlima wenye miti hunywa mvua. Mlima uliochomwa huiachilia yote kwa saa moja, pamoja na shamba lako, na udongo huo huenda kufunika mawe ya pwani ambapo samaki hutaga mayai.

Mwingine atasema moshi ulioharibu majira ni wa nchi tajiri. Naye asema kweli. Wataalamu walioandika mwaka 2003 walipima joto la ziwa, wakalilinganisha na vipimo vya mwaka 1913, wakakadiria kwamba joto hilo limepunguza samaki kwa karibu 30 katika kila 100. Ndagala hawakupunguzwa na jiko la mama wa Swima peke yake! Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alisema nchi za kaskazini zina deni kwa nchi za kusini. Walidaiwe, na maaskofu wetu wasichoke kulidai. Ila deni la tajiri halinipi mimi ruhusa ya kuchoma mlima.

Limebaki jibu zito kuliko yote: njaa. Hapo nashusha sauti. Mama anayeuza kifuko cha makala ili watoto wale, aliyekimbia vita akaacha shamba lake, sitamhubiria. Wala wakimbizi wa Burundi waliopokewa Lusenda tangu 2015. Nao lazima wapike. Hasira yangu ni kwa mwenye kupakia magunia kwa makumi, ambaye kwake njaa ni hadithi tu. Tena ni kwetu sisi wenyewe wa parokia. Tunajenga makanisa na shule kwa matofali ya kuchoma. Nani amewahi kuuliza tanuru lile lilikula miti mingapi? Nani alipanda hata mmoja badala yake?

Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Tumeshika kulima, kutunza tukamwachia nani?

Kila shirika lichukue ukingo wa kijito kimoja. Lipande miti inayolisha, parachichi na maembe, na grevilea kwa mbao. Matete ya pwani yaachwe. Mbuzi wafungwe (mbuzi wa Wakristo nao hawana ubatizo). Kanisa limeweka siku za kuombea viumbe, tangu 1 Septemba mpaka 4 Oktoba, na kwetu ndipo mvua zinaporudi. Basi miche iletwe altareni pamoja na matoleo, nayo itoke hapo kwenda shimoni, si kukauka sakristiani.

Kwa hiyo halmashauri ya parokia ituambie Jumapili hii: kitalu kitakuwa wapi, na zamu ya kumwagilia maji ni ya nani?