MABATI YA INJINI SI TAKATAKA



Mafundi wa magari ya kale huamriwa na wenye gereji: "Toa hayo mabati ya chini, tupa, yanachelewesha kazi." Sisi twasema, la! Ford Model T, gari lililoundwa toka 1908 mpaka 1927, lilipewa mabati mawili, moja kila upande, kuziba nafasi iliyo kati ya injini na chesi. Huzuia matope na mawe yasirukie injini na kabureta, tena huongoza upepo utokao kwenye rejeta.

Kuyatunza si kazi kubwa, lakini ni kazi: kuyafungua, kupangusa mafuta na grisi (petroli ikidondokea hapo, cheche moja yatosha), kutazama nyufa penye matundu ya bolti, kunyosha palipopinda, kuyakaza yasipige kelele. Hiyo ni saa ya fundi, nayo ina bei. Tajiri ataka gari lake lisifiwe kwenye Concours d'Elegance pale Ngong, Nairobi, lakini saa hiyo hataki kuilipa! Matope yakiharibu kitu, nani hukatwa mshahara?

Fundi ukiamriwa kuyatupa, dai amri iandikwe kwenye kadi ya kazi na itiwe sahihi. Nakala mletee katibu wa tawi.