Gharama Isiyoandikwa Hulipwa na Mama

Wako wanaokadiria gharama za kuzuia mama asimwambukize mtoto virusi vya Ukimwi kwa kujumlisha bei ya vipimo na dawa tu, kisha wakafunga daftari. Hesabu hiyo ni pungufu, na upungufu wake hauwaumizi wao.

Mama wa Msimbati au Kilambo, karibu na mlango wa Ruvuma, hutoa nauli, hupita mchanga na matope ya masika, na hupoteza siku ya kulima. Damu ya mwanawe wa wiki sita nayo husafirishwa hadi maabara. Nani amezikadiria safari hizo?

Bila kinga, watoto 15 hadi 45 katika kila 100 wanaozaliwa na mama wenye virusi huambukizwa. Kwa kinga kamili, hawafiki 5. Mama akishindwa kurudi kliniki, faida hiyo hupotea.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake. Azimio la Arusha lilikwisha kutuonya mwaka 1967 tusitegemee fedha za nje. Basi, ndugu watumishi, bajeti za halmashauri zitaje nauli, mafuta na posho ya mhudumu wa kijiji. Gharama isiyoandikwa haifutiki: hulipwa na mama, au na mtoto.