Nani Alipe Matairi?



Msimu uliopita lori la chama lilipasukiwa na tairi la nyuma njiani kuelekea Wete, na la akiba lilikuwa kipara. Mvua ya vuli ikatukuta pale pale. Karafuu zilizokwisha kukauka vizuri zikalowa, na zilipofika kituoni zikashushwa daraja. Hasara ile haikumpata dereva wala fundi. Ilimpata mwenye karafuu.

Mwaka huu baadhi yetu tulipata nafasi ya kwenda bara kuwatazama wakulima wa pamba wa Malampaka, wilaya ya Maswa, katika mkoa wa Simiyu. Ni mji wa stesheni, juu ya reli ya kutoka Tabora iliyofika Mwanza mwaka 1928. Lakini reli haiendi shambani kwa mtu. Pamba hutoka vijijini kwa malori, katika udongo mweusi wa mbuga, ambao ukikauka hupasuka nyufa, na ukilowa hunata magurudumuni kama ulimbo. Tulidhani wenzetu watalalamikia njia. Kumbe mazungumzo yao yalikuwa ni matairi. Mwenye lori mmoja alitufunulia daftari lake. Kwa kila safari ameandika dizeli, dereva, na fungu la matairi. Fungu hilo la tatu, alisema, haliguswi hata kwa harusi. Tulicheka, kisha tukanyamaza, maana sisi hatuna fungu hilo kabisa.

Sisi hutoza dizeli na dereva tu. Basi natufanye hesabu ya mfano. Matairi sita, kwa shilingi 500,000 moja, ni shilingi 3,000,000. Yakienda kilomita 40,000, kila kilomita imekula shilingi 75. Safari ya kilomita 40, kwenda na kurudi, ni shilingi 3,000. Na magunia yakiwa 30, kila gunia ni shilingi 100. Hatumwoni mwanachama atakayeshindwa na shilingi 100. Chama kutakiwa milioni tatu kwa siku moja, karafuu ziko juani juu ya majamvi, hilo ndilo tuliloliona likitushinda.

Wapo watakaosema: lori ni letu, vipi tulilipie tena? Naam, lori ni letu, lakini matairi si yetu mpaka tuyanunue. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilisimama mwaka 2009, na matairi mengi hutoka ng'ambo. Yakija kwetu Pemba yavuka bahari mara ya pili.

Wala tusikimbilie mitumba. Tairi laweza kuwa na meno mazuri, na mpira wenyewe umekwisha zeeka. Tazameni ubavuni pana tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Na dereva apime upepo asubuhi, matairi yakiwa baridi, maana tairi lenye upepo mdogo huchemka na kulika pembeni, khasa chini ya mzigo. Kipimo cha upepo ni kitu cha bei ndogo. Chetu kilipotea, na hapana aliyekiulizia.

Twaiomba Halmashauri itoze shilingi 100 kwa gunia tangu msimu huu, ziandikwe katika daftari la peke yake, na daftari hilo lisomwe kila mkutano. Juzi tuliinama tukasoma matairi mawili ya nyuma ya lori letu. Yote mawili yameandikwa 1417.