Kikula: Tucheke, lakini tuwape vijana mikro

Kukiwa na onyesho la vichekesho katika komini ya Kikula, hapa Likasi, watu hucheka hadi machozi. Lakini kila mara kuna kijana mmoja amekaa nyuma, midomo yake inatembea polepole. Anarudia maneno ya mchekeshaji, anajiuliza yeye angeyasema namna gani. Mchana ni wewa, anabeba watu kwa pikipiki. Usiku anataka jukwaa. Nyumbani anaambiwa: «Baba, tafuta kazi. Kicheko hakilipi minervali.»

Mama anayesema hivyo hana kosa, maana njaa haina mchezo. Ila historia ya Katanga inaonyesha kwamba kuchekesha ni kazi pia. Lubumbashi, kilomita kama 120 kutoka hapa, kundi la Mufwankolo lilijulikana kwenye redio na televisheni kwa Kiswahili kile kile cha sokoni. Hawakushika karatasi. Walipatana juu ya wazo, wakalijaribu, wakalirekebisha. Mwaka 1986 walitunga mchezo juu ya msemo kwamba madaraka huliwa mazima, na mtafiti Johannes Fabian akauandikia kitabu kilichotoka mwaka 1990.

Kujaribu na kurekebisha, ndilo jambo linalokosekana kwa kijana wetu. Kumtazama Joti wa Tanzania au Eric Omondi wa Kenya kwenye simu kunasaidia, lakini simu hainyamazi pale ambapo kichekesho kimeanguka. Watu ndio wananyamaza. Mchekeshaji anafundishwa na wale wanaomsikiliza.

Ndiyo sababu wasikilizaji nao wana wajibu. Kichekesho chepesi kuliko vyote ni cha kumwiga mgeni: matamshi yake, nguo zake, sahani yake tupu. Likasi inajua maneno ya namna hiyo yanafika wapi. Mwaka 1992 na 1993, familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, nyingine zikalala muda mrefu kwenye stesheni ya Likasi zikingoja gari la moshi. Kabla ya fimbo yalikuja maneno: watu waliitwa wadudu. Leo familia zilizokimbia makwao zinaketi kati yetu. Mchekeshaji awacheke wakubwa, madeni na umeme unaokatika. Akimcheka aliyelala chini, tusimpigie makofi.

Bora zaidi, aliyekimbia ashike mikro mwenyewe. Mama aliyebeba sufuria akasahau viatu vyake, akisimulia safari hiyo na watu wakacheka, wanacheka pamoja naye. Kwa dakika hizo yeye si mtu wa kuhurumiwa tu.

Jambo hili halidai pesa nyingi. Wenye baa, wenye salle na parokia wanaweza kutoa dakika tano kwa watu wapya kabla ya mchekeshaji aliyealikwa, na mara kwa mara nafasi moja iwe ya familia zilizohama. Anayepanda apewe angalau pesa ya transpori, ajue kwamba amefanya kazi.

Kijana yule wa nyuma asiuze pikipiki yake. Mchana aendelee kubeba watu, usiku aje na dakika zake tano. Akianguka leo, tumwachie nafasi arudi juma lijalo.